Bura na Jiko la Sonunbu

Mara ya kwanza nilipokutana na Toktomat sikuwa na haja naye hata kidogo. Nilikuwa na haja na giaboksi yake.

Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo pale Murghab, juu milimani, vidimbwi vimeshaanza kushika barafu asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kuuza kondoo wangu, nazunguka nione nani kakwama na anataka kuuza haraka, maana hao ndio watu wangu. Nikasikia lori linanguruma nyuma ya kibanda cha mchinjaji. Ndani hakuna mtu, wala karibu yake. Lori la Kirusi la dizeli, kuukuu, rangi ya kijani imebaki pembeni tu, boneti limevishwa blanketi zito la sufu lililoshonwa kwa mkono. Linanguruma peke yake na kutoa moshi, kama vile lenyewe ndilo lililokuja mnadani.

Mimi nilikuwa na lori kama hilo, la buluu, jipya kidogo kuliko lile, na giaboksi yake ilikuwa imeanza kusaga. Nikainama nikasikiliza. Ya huyu ilikuwa nzima. Nikapiga hesabu palepale: mtu anayeacha injini inawaka kutwa nzima anaogopa kuizima, na anayeogopa kuizima atauza kwa bei yoyote.

Akaja mwenyewe, mtu mfupi mpana, kofia imekaa upande, shavu limejaa nyama anayotafuna.

"Unamsikiliza Bura?" akaniuliza. Bura kwetu ni dume la ngamia. "Msikilize vizuri. Anakutukana."

"Kaka, hili lori umelinunua au umelifukua kaburini?"

"Mdogo wangu, wewe ukifika umri wake utakuwa unashikwa mkono kwenda chooni."

Watu wakacheka, na watu wakicheka mnadani basi dalali hayuko mbali. Dalali wa pale, Mamir, akatokea, akashika mkono wangu, akashika mkono wa Toktomat, akaibana pamoja na kuanza kuitikisa kama anatikisa kiriba cha maziwa. Kwetu mikono ikishashikwa hivyo, bei haina budi itajwe.

"Yaki wanne," nikasema, maana kwetu ng'ombe ni hao wa milimani wenye manyoya marefu. "Nalichukua hivyohivyo, na uchafu wake."

"Wanne!" Toktomat akatema mfupa. "Bura peke yake ana nguvu za yaki mia."

"Nguvu za yaki mia, na maziwa hata kikombe kimoja hatoi."

Mamir anatikisa, mimi nangoja. Hapo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya bega langu, ya taratibu kabisa:

"Wanne majike?"

Huyo alikuwa Sonunbu, mkewe. Mwembamba, shungi jeupe, macho ya mtu anayehesabu kondoo wakipita mlangoni. Toktomat alipogeuka kumwangalia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa teke na mnyama wake mwenyewe.

"Sonun! Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa maziwa," akasema.

Kisa chao nilikipata siku ileile, kwa sababu kila mtu mnadani alikuwa nacho. Toktomat alijifunza udereva jeshini, kule Siberia, mahali ambapo, kwa maneno yake, hata moto ulikuwa unavaa koti. Aliporudi akawa dereva wa shamba la serikali kule Karakul. Miaka ikaenda, shamba likavunjwa, kila kaya ikaambiwa ichague fungu lake. Wenzake wote wakachagua yaki. Yeye akachagua lori. Sonunbu alikuwa kisimani anavunja barafu. Aliporudi na ndoo zake akakuta zizi tupu na chuma kimesimama mbele ya mlango. "Nilikwenda kisimani mke wa mwenye yaki," alipenda kusema mbele za watu, "nikarudi mke wa bomba la moshi."

Basi pale mnadani nilijua nina mshirika nyumbani kwake. Lakini Toktomat alichomoa mkono kwa nguvu, Mamir nusura aanguke. Akaruka ndani ya lori, akapiga honi mbele ya pua yangu.

"Siku Bura atakaposhindwa kuamka," akapiga kelele dirishani, "njoo na yaki wako!"

Neno lile nililiweka akiba.

Tulionana tena mwezi wa Desemba, kijijini kwake Karakul, kando ya ziwa. Nilikuwa nimenunua nyama ya yaki kijiji kizima, imeganda mawe, imejaa kwenye lori langu la buluu, na lori halina pa kwenda. Theluji ilikuwa imeziba kipito cha Kizil-Art, njia ya juu ya mlima. Malori matano tulikuwa tumelala pale tunangoja, na wote tulikuwa tunawaza jambo moja: kufika mjini Osh kabla ya Mwaka Mpya, wakati watu wa mjini hununua nyama bila kuuliza mara mbili. Baridi ilikuwa imeshafika ile ambayo ukishika mlango wa chuma bila glavu, ngozi inabaki mlangoni.

Jioni moja mtu wa barabara akaja na habari: tingatinga litapanda kesho alfajiri kufungua kipito, lakini upepo wa alasiri utakifunga tena. Atakayepita apite kesho mchana, au angoje mpaka Mungu atakapotaka.

Nikaenda kwa Toktomat kunywa chai. Nyumba chumba kimoja, katikati jiko la bati linalochoma samadi kavu ya yaki, bomba lake la moshi limepanda mpaka darini. Kando ya jiko, ndoo ya oili nyeusi. Ndivyo kila dereva wa kwetu anavyofanya: jioni anamwaga maji ya rejeta, anamwaga oili ingali moto, anaingiza ndani oili na betri vilale na watoto. Asubuhi anavirudisha. Lori linalala nje tupu kama ngoma.

"Kesho Bura ataamka wa kwanza," Toktomat akasema kabla sijakaa. "Na atawavuta nyote." Hiyo ndiyo desturi ya pale: lori linalowaka kwanza linavuta mengine kwa mnyororo, moja moja, mpaka yawake, ndipo wanaondoka wote.

"Kaka Tokto, mnadani ulinipa neno. Ulisema siku atakaposhindwa kuamka."

"Nilisema."

"Basi tulipe neno hilo miguu litembee. Kesho Bura awake kabla jua halijagusa ukuta wa shule. Moto wako, betri zako, mikono ya nyumba yako. Mtu wa nje asikuvute, asikukopeshe hata kiberiti. Akiwaka, mizigo yangu yote ya majira haya ya baridi ni yako kuibeba kwa malipo, nyama kwenda na makaa ya mawe kurudi. Asipowaka, nalichukua lori kwa yaki wanne."

Jirani mmoja mzee aliyekuwa anakunywa chai akanyanyua kichwa. "Satarkul, hiyo ni kamari."

"Kamari ni ya karata, baba. Huu ni mkataba."

Toktomat alishatoa mkono. Sonunbu akaweka birika chini.

"Majike?" akauliza.

"Majike, shemeji."

"Na mimi nina sharti. Ikiwa lori lako wewe ndilo litakalokataa, na mzigo wako ukapanda mgongoni kwa Bura, bei ya safari hiyo naitaja mimi."

Nilicheka. Lori langu halikuwa na nafasi ya kukataa kuwaka, kwa sababu halikuwa limezimwa. Nilimwambia dereva wangu, Doolot, aliache linanguruma mpaka asubuhi, na tangi lilijaa dizeli ya baridi, ile nyembamba isiyoganda, niliyoinunua Murghab kwa mtu mwenye shida kwa bei ambayo hata sasa nikiikumbuka natabasamu. Nikakubali sharti la mwanamke yule bila kubishana. Anayenijua atashangaa.

Tukashikana mikono sote watatu, mzee akatutikisa. Nilimwelewa Sonunbu vizuri: Bura akifa anapata yaki, akiwaka anapata mizigo. Mtu wa namna hiyo namheshimu.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa nje. Karakul hakuna sinema.

Jua letu la asubuhi linakuja kwa upande wa kinyume. Milima ya mashariki iko nyuma ya kijiji, kwa hiyo mwanga unaanza kugonga vilele vya magharibi, ng'ambo ya ziwa, halafu unashuka, unaingia juu ya barafu na kutambaa kuja kwetu, ukingo mweupe ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Watu walikuwa wanautazama ule ukingo kama wanaotazama farasi wa mashindano. Ukifika ufukweni, unabaki uwanja wa shule. Baada ya uwanja, ukuta.

Lori langu lilikuwa linanguruma mbele ya nyumba niliyopanga, mzigo tayari, Doolot amejifungia ndani amelala. Nikaliacha, nikaenda kusimama mbele ya Bura na bakuli langu la chai.

Toktomat alikuwa kwenye utukufu wake. Amelala chini ya injini juu ya ngozi ya kondoo, miguu tu ndiyo iliyoonekana, anahutubia.

"Jamani, injini ni kama mkwe! Huianzi na maji ya moto, utaipasua! Kwanza tumbo lipate joto, halafu oili, halafu maji ya uvuguvugu, halafu ya moto zaidi! Satarkul, umeleta kamba ya kuwafunga hao yaki wako?"

"Kamba ninayo, kaka. Wewe washa."

Akasukuma chini ya injini karai refu limejaa vipande vya samadi, akavimwagia mafuta ya taa, akawasha. Moto ukaruka, mafuta ya taa yakaungua, halafu moto ukajikunja ukafa. Ukabaki moshi. Moshi mzito wa njano, wenye mvuke ndani yake, ukatambaa chini ukatupiga machoni. Akawasha tena. Moshi tena.

"Puliza, Tokto!" watu wakapiga kelele. "Mvuke unao, mgeuze awe treni!"

Miguu ikatikisika. Akatoka, uso mweusi, ameshika kipande cha samadi mkononi. Akakigonga kwenye bampa. Kikalia kang! kama jiwe. Akakipasua kwa nyundo. Ndani kilikuwa cha kijani kibichi, kinang'aa barafu.

Kijiji kizima kikaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Kwa baridi ile, samadi ya mwaka huu na ya mwaka jana hazina tofauti kwa macho wala kwa mlio. Zote ngumu, zote sawa mkononi kwa mtu mwenye glavu. Lakini moja imekauka na nyingine imeganda tu. Toktomat, kwa kiherehere cha kuwahi, alijaza karai lake kutoka rundo la samadi mbichi.

"Kavu iko wapi?" nikauliza, sauti ya upole kabisa.

"Kavu..." Akaangalia upande wa nyumba. "Ya nje imekwisha jana. Iliyobaki imo jikoni, inawaka."

Majirani wawili watatu wakageuka kukimbilia marundo yao. Nikanyanyua bakuli langu. "Jamani, mkataba. Moto wake mwenyewe."

Wakasimama. Walinitazama vibaya, lakini walisimama. Toktomat alivua kofia akaivaa tena, akaivua. Ukingo wa jua ulikuwa umeshapita katikati ya ziwa.

"Satarkul." Sonunbu alikuwa mlangoni. "Jana ulisema moto wake, betri zake, na nini?"

"Mikono ya nyumba yake, shemeji."

"Mikono ya nyumba yake," akarudia. Akaingia ndani. Tukasikia bati linalia, kitu kinang'olewa, watoto wanapiga kelele, kisha mlango ukapigwa teke ukafunguka wazi na moshi ukatoka, na ndani ya moshi akatoka Sonunbu, na nyuma yake binti zake wakubwa wawili, wamebeba jiko. Jiko lenyewe! Linawaka! Wamepitisha mitaimbo miwili chini yake, bomba la moshi limelazwa mbele kama mzinga, cheche zinaruka juu ya theluji.

"Pisheni! Pisheni, mnatoa macho tu! Tokto, ondoa upuuzi wako huo!"

Toktomat akalivuta karai, akalitupa. Wakalitua jiko chini ya injini, Sonunbu akaligeuza bomba likatazama juu, likapumulia tumbo la Bura moja kwa moja. Blanketi la sufu likashushwa pande zote mpaka chini. Sonunbu akavua na shungi lake la juu akaziba pengo lililobaki. Ndani ya lile hema moto ukaanza kunguruma.

"Hiyo... hiyo ni sawa?" mtu akauliza.

Wote wakanitazama. Jiko la nyumba yao, samadi ya nyumba yao, mikono ya nyumba yao. Vyote vilikuwa ndani ya mkataba. Nikanywa chai.

Ni hapo, na chai iko mdomoni, ndipo nilipohisi kuna kitu kimepungua duniani. Mlio. Nyuma yangu lori langu lilikohoa, likashika, likakohoa tena. Nikageuka. Likatetemeka mara moja kama mbwa aliyetoka majini, likanyamaza.

"Tajiri!" Doolot akaruka chini. "Tajiri, dizeli!"

Nilikimbia. Kwa urefu ule wa milima mtu mwenye akili hakimbii, mapafu yanakataa, lakini nilikimbia. Tukafungua filta. Ndani hapakuwa na mafuta, palikuwa na samli. Dizeli nzito, imeganda, nyeupe. Yule mtu mwenye shida wa Murghab aliniuzia dizeli ya kiangazi aliyoitia mafuta ya taa kidogo inukie vizuri.

"Achana na dizeli!" nikamwambia. "Maji! Mwaga maji!"

Maana lori lao liliamkia tupu, langu lilikuwa limejaa maji, rejeta na injini nzima, na injini imezimika kwenye baridi inayopasua mawe. Doolot akashika koki, koki imeganda. Akaipiga spana, haikusogea. Nikaimwagia chai yangu yote, ya maziwa na chumvi, ikafuka mvuke, koki ikalegea, maji yakaanza kutoka kama mkojo wa mzee. Njoo, njoo, toka! Kutoka kwa Bura nikasikia kelele za watu, "Oili! Oili!" nikageuza shingo: Toktomat anamimina ndoo ya oili inafuka. Nikageuka kwangu: maji yamepungua. "Maji ya kwanza!" Sonunbu anapita na ndoo. Jua limefika ufukweni. Sikujua nitazame wapi. Mali yangu ilikuwa pande zote mbili.

"Betri!" Wakazitoa zimeviringishwa mfarishi kama watoto wachanga. Toktomat akaruka usukani. Sonunbu akafunga kitambaa kwenye waya, akakichovya mafuta, akakiwasha, akakishika kwenye mdomo wa hewa wa injini ivute pumzi ya moto.

"Piga!"

Stata ikalia. Nnng... nnng... Ikakwama.

"Acha! Usiimalize betri!" Sonunbu. "Ndoo nyingine!"

Maji ya moto zaidi yakaingia juu, ya uvuguvugu yakatoka chini. Jua likapanda uwanja wa shule, likagusa nguzo ya mpira.

"Piga!"

Nnng, nnng, nnng, nnng... Pff! Pumzi moja ya moshi mweupe. Watu wakainua mikono, mikono ikabaki hewani. Kimya.

"Amekohoa! Amekohoa huyo!"

"Bura, mwana haramu," Toktomat alikuwa anasema dirishani, machozi yamemganda kwenye sharubu, "amka, nakuomba, amka, watakuuza vipande..."

Jua lilikuwa hatua chache kutoka ukutani. Hapo nyuma yangu nikasikia tk! Mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti. Maji yaliyobaki ndani ya injini yangu yalikuwa yameganda, na chuma cha injini kikapasuka. Sikugeuka hata kutazama. Nilijua.

"Piga!"

Nnng-nnng-nnng-nnng-pff-pff-nnng-PFF-tukutuku-tuku... likashika. Likashika! Moshi mweusi ukafyatuka kutoka ekzosi ukapaka theluji na watu watatu waliokuwa nyuma. Blanketi likaruka. Ardhi ikatetemeka. Kijiji kikapiga yowe ambalo ng'ambo ya ziwa lazima walilisikia, na mimi mwenyewe, msinicheke, nilikuwa nimenyanyua bakuli tupu juu ya kichwa napiga kelele kama wenzangu. Kisha jua likagusa ukuta wa shule.

Toktomat hakuweza kujizuia. Akatia gia, akafungua honi, akaondoka azunguke uwanja kama bwana harusi. Tukasikia kishindo, bati likalia, gurudumu la nyuma likapanda juu ya kitu na kushuka.

Jiko.

Lilikuwa limelala kama chapati, majivu yanafuka pembeni. Sonunbu alilitazama. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa upande wa pili wa uwanja bado anapiga honi. Akalisukuma kwa ncha ya kiatu. Akageuka, akaja kwangu.

Wakati ule Bura alikuwa ameshaanza kazi ya desturi. Mnyororo ukafungwa, lori la kwanza likavutwa, likawaka. La pili likawaka. La tatu. Kila lililowaka liligeuza pua kuelekea kipito. Juu mlimani moshi wa tingatinga ulikuwa unaonekana mdogo kama nzi.

Sonunbu akakaa kwenye ngazi ya lori langu lililokufa, akaweka mikono ndani ya mikono ya koti.

"Hili hata likivutwa mpaka China haliwaki," akasema.

"Najua, shemeji."

"Basi nyama inapanda Bura. Na bei naitaja mimi."

"Taja."

"Yaki wanne. Majike, wenye mimba."

"Shemeji! Hiyo ni bei ya lori zima!"

"Hapana. Hiyo ilikuwa bei ya lori lililokufa. Lililokufa ni hili lako, nikupe wanne?"

Nikasema wawili. Akatazama barabarani, ambako lori la kwanza lilikuwa limeanza kuondoka. Nikasema nyama imeganda, haiozi, naweza kungoja.

"Nyama haiozi," akakubali. "Bei ndiyo inayooza. Wenzako wakifika Osh kesho na wewe ukafika baada ya Mwaka Mpya, utawauzia nani? Mbwa?"

"Na wewe nyumba yako haina moto. Una haraka kuliko mimi."

"Wanangu wako kwa jirani wanakunywa chai. Kila nyumba hapa ina jiko." Akatazama bati lililolala uwanjani. "Isipokuwa yangu. Kwa hiyo ni yaki wanne na jiko. Lile lako la chuma kizito, uliloleta kutoka mjini ukaliweka nyumba uliyopanga."

"Jiko alilivunja mumeo!"

"Alikuwa kazini kwako. Mkataba wa baridi ulianza jua lilipogusa ukuta."

Lori la pili likaondoka. Yule jirani mzee alikuwa ameshakuja, ameshika mkono wangu na wa Sonunbu, anatikisa na kufurahi kama hajawahi kusikia neno kamari. Nilipambana, sikujitupa. Nilimfanya akubali yaki mmoja asiye na mimba, nikapata safari ya kurudi na makaa bila malipo, na nikapata neno lake kwamba Bura hatabeba mzigo wa mfanyabiashara mwingine mpaka barafu iyeyuke. Lori la tatu lilipopiga honi ya kuaga nilisema basi, na mzee akatuachia.

Kijiji kizima kilihamisha nyama. Tuliondoka wa mwisho, mimi katikati, Doolot pembeni, Toktomat kwenye usukani akisimulia asubuhi ileile tuliyotoka kuiona kana kwamba sikuwepo. Kipito tulikipita upepo ukiwa umeanza kurusha theluji kwenye kioo. Osh tulifika pamoja na wenzetu na nyama ikauzwa yote. Faida niliipata, ila nusu ya ile niliyoihesabu.

Lori la buluu halikuwaka tena. Lilisimama ukutani kwa Toktomat, na kwa kuwa Bura alikuwa anabeba mizigo yangu, Bura akikwama nilikwama na mimi. Kwa hiyo likawa linaliwa kidogo kidogo: kwanza stata, halafu ekseli ya mbele, halafu mlango, na mlango wa kushoto wa Bura ni wa buluu mpaka leo. Giaboksi niliyoitamani mnadani sikuipata kamwe. Yangu ndiyo iliyoishia kwao, akiba, imefunikwa gunia.

Yaki wa Sonunbu sasa wanajaza zizi. Toktomat anawaita wakwe zake, kwa sababu, anasema, tangu waje hana sauti nyumbani. Bado anaamini ni yeye aliyeshinda siku ile, na kwa upande wa lori ni kweli: liko mlangoni kwake na hakuna anayelitajia bei tena, wala mkewe.

Msimu uliopita nilifika kwao nimepigwa na baridi mpaka mifupa. Sonunbu akanipa nafasi ya mgeni, karibu na jiko. Nikalipapasa kwa macho. Chuma kizito, safi, linashika joto mpaka asubuhi, siku hizi hayauzwi ya namna ile. Nikamuuliza kwa utani angetaka nini alirudishe.

Akataja.

Nikaomba bakuli jingine la chai.